Usukani Unazunguka Mara Ngapi?

MWENYE BOTI: Mimi nimeshaamua, nimewaita hapa Bugarama kwa heshima tu. Boti yangu iliyoko Nkome inafungwa otopailoti. Ni faiba ya mita 8, injini ya nje ya farasi 150, usukani wa haidroliki. Inakosa nini? Nahodha anakaa saa mbili, tatu, kang'ang'ania gurudumu kama anayemvuta ng'ombe mkaidi. Mashine ikishika mwelekeo, yeye atapumzisha mikono. Kioo chenyewe nimekiona. Inchi 12, rangi zote.

NAHODHA: Bosi, mikono yangu haijakulalamikia.

FUNDI: Mkuu, kabla ya kioo. Usukani wako unazunguka mara ngapi, kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia?

MWENYE BOTI: Sijawahi kuhesabu. Niliomba bei, wakaniuliza urefu wa boti na ukubwa wa injini. Basi.

FUNDI: Basi hao walikuuzia kioo. Otopailoti ni dira ya umeme, kompyuta, vitufe na pampu. Vyote vitatu vya mwanzo ni kichwa. Mkono ni pampu. Ukizungusha gurudumu lako leo, unasukuma oili kwenye mipira miwili inayokwenda tezini, na silinda iliyoko pale inageuza injini. Pampu ya otopailoti inaungwa kwenye mipira hiyohiyo. Ikizunguka huku, oili inakwenda huku. Ikigeuza, oili inarudi. Kwa hiyo swali la kwanza ni silinda yako inameza oili kiasi gani, na jibu liko kwenye gurudumu. Pampu ya usukani ya kawaida hutoa kama sentimita za ujazo 28 kila mzunguko. Ikizunguka mara 5, silinda imemeza 140.

MWENYE BOTI: Na nikinunua pampu kubwa kabisa, nimalize hayo maswali?

FUNDI: Hapo ndipo wenye pesa wanapoanguka. Pampu ya lita 1 kwa dakika itajaza silinda ya 140 kwa sekunde 8 na nusu hivi. Hiyo ni sawa. Ya nusu lita itachukua sekunde 17. Wimbi limeshakupiga ubavuni nayo bado inasukuma. Ya lita 2 inamaliza kwa sekunde 4. Inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena, boti inakwenda kama mtu aliyetoka kilabuni, na betri inaliwa bure. Raymarine wamezigawa pampu zao kwa ujazo wa silinda: ndogo kabisa ni ya 50 hadi 110, inayofuata ni ya 80 hadi 230, halafu 160 hadi 350, halafu 350 hadi 500. Garmin, Simrad, Furuno, kila mmoja ana jedwali lake, na kila jedwali linaanza na silinda. Hakuna linaloanza na inchi za kioo.

MWANAHISA: Ninyi mnahesabu lita, mimi nahesabu shilingi. Theluthi ya boti ile ni pesa yangu ya dagaa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa Geita unafika Mwanza kwa lori bila kusubiri kivuko. Boti imebakiwa na visiwa tu. Hicho kitu kitarudisha pesa yake kwa njia gani?

MWENYE BOTI: Mafuta, mayu. Mtu anayumba, mashine hainyooshi kidole pembeni. Njia ikinyooka, mafuta yanapungua.

MWANAHISA: Yanapungua kiasi gani?

MWENYE BOTI: Mengi.

FUNDI: Mkuu, hapo sitakuunga mkono. Chukua boti inayoyumba nyuzi 5 kila upande, safari nzima. Njia inarefuka chini ya nusu kwa mia. Ikiyumba nyuzi 10, ni kama moja na nusu kwa mia. Kwa lita 100 umepoteza lita moja na nusu. Mpaka ufike nyuzi 20 ndipo unapoteza lita 6 na kitu, na nahodha anayeyumba nyuzi 20 ziwa likiwa shwari humfungii otopailoti, unamwachisha kazi.

(Hesabu hii niliirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, maana ilinishangaza. Fundi hakukosea.)

NAHODHA: Siyumbi nyuzi 20.

FUNDI: Sikusema unayumba, kaka.

NAHODHA: Basi tuseme kinachonileta hapa. Bosi hatafuti mafuta. Anatafuta siku ambayo boti itaendeshwa na kijana yeyote wa kubeba mizigo, kwa nusu ya mshahara wangu. Kama nadanganya aniambie.

MWENYE BOTI: Sijasema hivyo.

NAHODHA: Hujakataa pia. Mimi nakuuliza: hiyo mashine inaona nini? Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanawasha taa, hao nawaona kwa mbali. Lakini mtumbwi wa nyavu za sangara mara nyingi umezima tochi ili kutunza betri. Watu wawili wamelala ndani, wamefunga kwenye wavu wao. Mimi nawajua kwa harufu ya moto waliopikia, kwa boya la chupa ya plastiki linalopita ubavuni, kwa maji yanavyong'aa tofauti. Gugumaji linatembea, jana halikuwapo, leo ni kisiwa kizima kimekaa mdomoni mwa ghuba. Dira ya umeme inajua kaskazini. Gugumaji haliko kaskazini wala kusini.

MWENYE BOTI: Nahodha, dunia inakwenda. Kule Kibali, Kongo, kampuni hiihii inayoendesha mgodi wetu wa Bulyanhulu ina loda zinazokwenda zenyewe chini ya ardhi. Mtu amekaa juu kwenye kiti, kiyoyozi kinampuliza, mashine zinachota mawe usiku kucha. Kama loda ya tani kadhaa inajiendesha kwenye giza la chini, boti ya mita 8 itashindwa nini juani?

NAHODHA: Fundi, wewe umefanya kazi chini. Mwambie.

FUNDI: Nimekarabati loda Bulyanhulu mpaka shughuli za chini ziliposimamishwa mwishoni mwa 2017, na zilipofufuliwa nilikuwa nimeshafungua karakana yangu. Nitasema ninachokijua. Mashine inayojiendesha chini ya ardhi inafanya kazi kwenye eneo lililofungwa. Mlangoni pana kizuizi cha mwanga. Mtu akikivuka, hata akiwa meneja, mashine inasimama yenyewe. Njia ni handaki, kuta ziko palepale kesho na keshokutwa. Sasa niambie, mkuu, Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Kizuizi cha mwanga utakiweka wapi?

MWENYE BOTI: Nilidhani wewe uko upande wangu.

FUNDI: Niko upande wa oili.

MWANAHISA: Mimi nimeelewa jambo moja ambalo hamjalitamka. Umesema pampu ya mashine inaungwa kwenye mipira hiyohiyo ya usukani wa mkono. Ikivuja kwenye maungio yake?

FUNDI: Mama, ningeomba swali hilo lingetoka kwa mwenye boti.

MWANAHISA: Limetoka kwa mwenye theluthi. Jibu.

FUNDI: Ikivuja, oili inayopotea ni ya wote wawili. Otopailoti inakufa na gurudumu linakufa. Utazungusha na injini haitageuka. Watu wanadhani wamenunua msaidizi wa pili, kumbe wamempa yule wa kwanza mishipa mingi zaidi ya kupasuka. Kila tii inayoongezwa ni mahali papya pa kuvuja. Ndiyo maana nasema kazi ya kufunga inazidi bei ya kioo. Mipira iwe ya kiwango cha usukani wa boti. Nimewahi kuona mtu amechomeka mpira wa kupulizia dawa ya pamba. Maungio yasikazwe kwa tepu nyeupe ya bomba la maji, kipande chake kikikatika kinakwenda kukaa kwenye vali. Oili iwe ileile iliyotajwa kwenye kitabu cha usukani. Pampu ikae pakavu, karibu na silinda, isilale kwenye ngama inaponyweshwa maji kila siku. Zifungwe vali za kuitenga pampu ikileta matatizo, na lita moja ya oili ikae botini wakati wote. Halafu utoe upepo.

NAHODHA: Utoe nini?

FUNDI: Upepo, kama kwenye breki za gari. Oili haibonyei, upepo unabonyea. Povu kidogo tu ndani ya mpira na usukani unakuwa laini, unazunguka bila kitu. Mtu akiwa anaendesha, mkono wake unahisi na anaongeza. Kompyuta haina mkono. Inaamuru nyuzi 3, injini inakwenda 1, inaamuru tena, upepo unabanwa halafu unaachia, injini inarukia 5. Mfungaji mvivu anatoa upepo nusu saa, anakabidhi funguo. Mimi nilizoea kutoa upepo kwenye mashine ya kuchoronga mpaka chakula cha mchana kinapoa.

MWENYE BOTI: Tukifanya yote hayo, basi, inafanya kazi? Ndiyo au hapana?

FUNDI: Inafanya kazi vizuri sana. Nahodha asikasirike, lakini ziwa likiwa na wimbi la nyuma, saa ya tatu ya safari, hakuna mtu anayeshika mwelekeo kama ile pampu. Mtu anachoka. Anachelewa, anarekebisha kupita kiasi. Na nikwambie kitu, kaka: ile akili ya ndani ilitoka kwenu. Mwaka 1922 mhandisi mzaliwa wa Urusi, Nicolas Minorsky, aliandika hesabu ya kuongoza meli kwa mashine, akiwa na jeshi la majini la Marekani. Alianza kwa kuwatazama washika usukani. Akaona mtu hodari hatazami tu amepotoka nyuzi ngapi sasa hivi. Anatazama boti inageuka kwa kasi gani, na anakumbuka imekuwa ikivutwa upande upi muda mrefu. Akayageuza mambo hayo matatu kuwa hesabu. Hesabu hiyohiyo ndiyo tuliyofundishwa mgodini kwa ajili ya vidhibiti vya pampu na tanuri.

NAHODHA: Kwa hiyo mwalimu wa mashine alikuwa nahodha.

FUNDI: Alikuwa mshika usukani, ndiyo.

NAHODHA: Na mwanafunzi ndiye anayepewa kiti. Haya, endelea.

MWENYE BOTI: Unaona? Hata yeye amekubali.

NAHODHA: Sijakubali, nimefurahi. Ni vitu viwili. Bosi, nikiwa nimeshika gurudumu, macho yangu yako mbele kwa sababu mikono inayalazimisha. Nipe mashine ishike, dakika 10 za kwanza nitatazama mbele. Dakika ya 20 nitatazama simu. Ya 40 nitakuwa tezini napiga soga na abiria. Najijua, na mimi ndiye mzuri wao.

MWANAHISA: Huo ndio ukweli wa kwanza leo.

FUNDI: Yametokea kwa wenye vyeti vikubwa. Juni 1995, meli ya watalii Royal Majesty ilitoka Bermuda kwenda Boston ikiwa na watu 1,500 na kidogo. Waya wa antena ya GPS ukachomoka mapema. Chombo cha GPS kikaanza kukisia meli ilipo, otopailoti ikakifuata kwa utiifu kabisa. Maofisa walipokezana zamu, wote wakitazama kioo kinachosema mambo ni mazuri. Zaidi ya saa 30 baadaye meli ikapanda mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, imepotoka maili 17. Hakuna aliyekufa. Pampu ilifanya kazi, oili ilikuwepo, usukani haukukosea hata nyuzi moja.

MWENYE BOTI: Wazungu walilala, sisi tuadhibiwe?

NAHODHA: Twende kwetu basi. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, Ukara, mtu anaona gati la Bwisya kwa macho yake. Kivuko cha watu 101. Waliokufa walipita 220. Mzigo ulizidi, hilo kila mtu analijua. Lakini Rais wa wakati ule alisema pia hadharani kwamba nahodha mwenye mafunzo hakuwa chomboni, usukani ulikuwa kwa mwingine. Otopailoti haikuwamo mle. Kilichokuwamo ni wazo lilelile: kwamba kushika usukani ni kushika usukani tu, yeyote anaweza.

MWENYE BOTI: Mnanifanya muuaji kwa kutaka kununua kifaa.

MWANAHISA: Hakuna aliyekuita hivyo, baba. Ila ulipopata ule mfuko wa mawe mazuri ya dhahabu ulinunua karasha kabla ya kununua pampu ya kutoa maji duarani. Mvua ikaja. Nakumbusha tu.

(Watu wa Bugarama wana mialo miwili kichwani: mwalo wa samaki, na mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Mwenye boti anayeongea hapa alijifunza biashara kwenye ule wa pili, ambako mashine ya gharama zaidi ndiyo huleta heshima. Sidhani ni kosa lake peke yake.)

MWENYE BOTI: Sawa. Tuseme nanunua, kwa masharti. Fundi, kama ungekuwa wewe?

FUNDI: Ningeacha kioo cha inchi 12. Ningechukua kichwa kidogo chenye vitufe vinavyobonyezeka kwa kidole chenye maji, na pesa iliyobaki niiweke kwenye pampu sahihi na mipira. Ningetafuta ile inayomwachia mtu usukani mara anaposhika gurudumu. Garmin wana vali ya namna hiyo kwenye mpira: ukizungusha kwa mkono, mashine inanyamaza yenyewe. Nyingine mpaka ubonyeze kitufe kwanza, na mtumbwi uliozima taa haukusubiri utafute kitufe. Dira ya umeme ningeifunga mbali na spika na mbali na mzigo. Wewe unabeba mabati, mapipa, jenereta. Siku moja jenereta ikiwekwa karibu na dira, kaskazini itahama, na mashine itahama nayo bila kukuambia.

NAHODHA: Na upepo wa ubavuni? Ikishika mwelekeo wa kaskazini magharibi, upepo unatusukuma mashariki, sisi tunakwenda wapi?

FUNDI: Kwa dira peke yake, pua inatazama kaskazini magharibi na boti inateleza pembeni. Umeuliza vizuri. Ukiiunganisha na GPS inafuata mstari, inajirekebisha. Lakini hapo unarudi kwa Royal Majesty, maana sasa unaamini vitu viwili badala ya kimoja.

MWANAHISA: Nami nina sharti. Kabla ya shilingi moja ya otopailoti, jaketi okozi za watu wote, za saizi ya watoto zikiwemo. Redio. Taa za usiku zinazowaka kweli. Wakaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC wakija wanauliza hayo. Sijasikia wameuliza kama boti inajiendesha. Na mtu wa kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa nanga, maana dhoruba za upande wetu zinapenda kuja usiku na alfajiri, saa ambazo ninyi mnasafirisha mzigo wangu.

MWENYE BOTI: Jaketi zipo.

MWANAHISA: Zipo stoo Nkome, zimefungwa kwa nailoni zisichafuke. Nimeziona.

NAHODHA: Na sharti langu. Ikifungwa, anayekaa nyuma ya gurudumu ni mimi, kwa mshahara uleule. Kijana wa mizigo hakai pale hata kama mashine inaimba.

MWENYE BOTI: Uleule?

NAHODHA: Mikono ikipumzika, macho yanafanya kazi mara mbili. Ulitaka kunipunguzia kwa sababu ipi?

MWENYE BOTI: Tutaongea.

NAHODHA: Tunaongea sasa.

MWENYE BOTI: Uleule. Fundi, andika hiyo orodha niagize pampu kesho, gari linakwenda Mwanza. Ile ya pili, 80 hadi 230. Si ulisema silinda yangu ni 140?

FUNDI: Nilisema kama gurudumu linazunguka mara 5. Sikusema lako linazunguka mara 5. Mpaka leo hujanijibu.

NAHODHA: Mimi najua.

FUNDI: Ngapi?

NAHODHA: Ilipokuja mpya, mara 5 na kidogo. Siku hizi ni 6. Asubuhi, kabla haijapata moto, inafika 6 na nusu.

MWENYE BOTI: Kumbe silinda ni kubwa zaidi, basi! Sita mara 28 ni...

FUNDI: Mkuu, silinda haijakua. Silinda ni chuma. Gurudumu likiongeza mizunguko, oili inapotea njiani: kuna upepo ndani, au sili zimekwisha, au inavuja mahali. Hebu niambie, nahodha, ukishikilia gurudumu mwisho wa kona, linatulia au linaendelea kuteleza polepole?

NAHODHA: Linateleza. Kama linakunja ngumi kisha linaachia.

FUNDI: Na chini ya silinda?

NAHODHA: Pana unyevu. Naufuta kwa kitambaa kila nikifunga boti.

FUNDI: Kwa muda gani?

NAHODHA: Tangu mvua za masika.

MWENYE BOTI: Tangu masika! Abiria wangu, mzigo wa mama, boti yangu, na wewe unafuta kwa kitambaa? Kwa nini hukuniambia?

NAHODHA: Nilikuambia, bosi. Pale Nkome, uliposhuka kwenye gari. Ulisema nivumilie, unaleta kompyuta.

MWANAHISA: Fundi, seti ya sili za silinda ni shilingi ngapi?